Neno moja la Kiswahili, maneno matano ya Kiingereza

Binamu yangu ni fundi wa magari makubwa. Kazi aliijifunzia Kahama, kwenye gereji moja ya pembeni ya barabara wanakopita madereva wa malori ya Rwanda na Burundi. Gari likifika saa tano usiku limekata springi, halisubiri asubuhi. Kwa hiyo ukimwambia binamu yangu habari za zamu ya usiku, unamwambia habari za maisha yake.

Miaka kadhaa iliyopita aliitwa kwenye usaili wa kazi mgodini. Mambo ya injini alijibu vizuri. Kisha akaulizwa kwa Kiingereza kama ataweza zamu za usiku. Akajibu kwa kujiamini: "I used to work at night."

Msaili akaandika kitu, akauliza: "And why did you stop?"

Binamu akashangaa. Kuacha nini? Alichotaka kusema ni "nimezoea kufanya kazi usiku". Kilichosikika upande wa pili wa meza ni "zamani nilikuwa nafanya kazi usiku, siku hizi sifanyi". Karibu kinyume chake kabisa! Alipojaribu kusahihisha akasema "I didn't stop to work", na hapo mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu hiyo nayo inamaanisha "sikusimama ili nifanye kazi".

Hakupata ile kazi. Sisemi ni kwa sababu ya sentensi mbili, maana waombaji walikuwa wengi. Ninachojua ni kwamba alirudi nyumbani akiamini kuwa yeye ni "mbumbumbu wa Kiingereza", na mimi nimesoma isimu ya kutosha kujua kwamba hilo si kweli. Sentensi zile hazikutoka hewani. Zilitokana na kanuni, na kanuni zenyewe ni za Kiswahili. Leo nataka tuzifungue moja moja, kama yeye anavyofungua injini.

Kosa lenye akili

Zamani walimu wa lugha walidhani kosa la mwanafunzi ni uzembe tu. Mwaka 1957 Mmarekani Robert Lado alichapisha kitabu akisema tulinganishe lugha ya nyumbani ya mwanafunzi na lugha anayojifunza, kwa sababu zinapotofautiana ndipo atakapopata shida. Mwaka 1967 S. Pit Corder akaenda mbali zaidi: makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazozijenga kichwani. Miaka mitano baadaye, 1972, Larry Selinker akaupa mfumo huo jina, tunaloweza kulitafsiri kama "lugha ya katikati". Si Kiswahili tena, bado si Kiingereza, lakini ina sarufi yake.

Si kila kosa linatokana na lugha ya kwanza. Mtoto wa Uingereza naye husema "goed" badala ya "went", na hajui Kiswahili hata neno moja. Lakini kuna makosa ambayo utayasikia Geita, Shinyanga, Mwanza na Dodoma kwa sura ileile, mwaka baada ya mwaka. Watu wengi wakikosea kwa namna moja, si uzembe huo. Kuna kitu kinawavuta upande mmoja.

Kwetu kitu hicho kina uzito zaidi. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari tunahamia Kiingereza. Kijijini Shinyanga watoto wengi hata Kiswahili wamekikuta shuleni au sokoni, nyumbani ni Kisukuma. Kwao Kiingereza ni lugha ya tatu. Halafu mtoto huyo akimaliza shule, migodi mikubwa iko karibu kabisa, Bulyanhulu na Geita, ambako maelekezo mengi ya mashine na ripoti nyingi ni za Kiingereza. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo na kwenye makarasha Kiswahili na Kisukuma vinatosha. Ukivuka geti la kampuni, sarufi inageuka kuwa sehemu ya kazi.

Tuanze na neno moja: atanipikia

Litazame neno hili. Lina vipande sita:

a – ta – ni – pik – i – a

"A" ni yule mtendaji. "Ta" ni wakati ujao. "Ni" ni mimi. "Pik" ndiyo kazi yenyewe. "I" ni ile kauli ya kutendea, inayosema kazi inafanywa kwa ajili ya mtu. "A" ya mwisho ni kufunga tu. Sasa liseme kwa Kiingereza: "She will cook for me." Maneno matano.

Hebu angalia kilichotokea. Kiwakilishi cha mtendaji kilikuwa ndani ya kitenzi, kimetoka nje kikawa "she". Mimi nilikuwa ndani, nimetoka nje nikawa "me". Ile "kwa ajili ya" ilikuwa irabu moja tu tumboni mwa kitenzi, sasa imekuwa kihusishi kinachosimama chenyewe: "for".

Hapo ndipo penye siri yote ya makala hii. Kiswahili hupakia vitu ndani ya kitenzi. Kiingereza huvishusha na kuvipanga nje, kila kimoja mahali pake. Makosa yetu mengi hutokea tunaposahau kushusha kitu, tunapokishusha mara mbili, au tunapokishusha mahali pasipo pake.

Viwakilishi: kushusha mara mbili

"Mama yangu anauza samaki." Kwa Kiswahili huwezi kusema "mama yangu nauza" wala "mama yangu uza". Lazima kiambishi "a" kiwepo hata kama mama ametajwa tayari. Sasa ubongo uliozoea hivyo ukikutana na Kiingereza unatafuta ile "a" iko wapi, unaona inafanana na "she", unasema: "My mother she sells fish."

Kwa mantiki ya Kiswahili umefanya kazi nzuri sana. Kwa Kiingereza umemtaja mama mara mbili. Mtu wa Kiingereza anaweza kusema hivyo kwenye mazungumzo, akiweka kituo kidogo baada ya "my mother" ili kumkazia. Lakini kwenye barua ya kazi haikubaliki.

Kaka yake kosa hilo ni hili: "The phone which I bought it is spoiled." Chanzo ni "simu niliyoinunua". Ile "i" kabla ya "nunua" ni simu yenyewe, imerudiwa ndani ya kitenzi. Kiingereza kikishasema "which", simu imeshahesabiwa. Hakuna haja ya "it".

Halafu kuna kosa la upande wa pili, la kutoshusha kabisa. Sisi tunasema "ni vigumu" na tumemaliza. Kiingereza hakikubali sentensi ya kawaida isiyo na kiima, hata kama hakuna mtu wala kitu cha kutaja. Ndiyo maana kinaweka "it" isiyo na maana yoyote: "It is difficult." "It is raining." Ukiuliza "it" ni nani hapo, hakuna jibu. Ni kigingi tu cha kushikilia mahali pa kiima.

Na "he" na "she"? Kiambishi "a" hakijali mwanamke wala mwanaume. Kisukuma nacho hakijali, na hii ni tabia ya lugha za Kibantu kwa ujumla: ngeli tunazo nyingi, lakini hazihesabu jinsia. Kwa hiyo mtu anayesema "my sister, he is a nurse" hajamsahau dada yake. Ubongo wake haujawahi kulazimishwa kuuliza swali hilo katikati ya sentensi, na kuzoea kuliuliza kila mara kunachukua muda.

Vihusishi: vimejificha wapi?

Tazama neno "mgodini" kwenye sentensi hizi nne:

Yuko mgodini. – He is in the mine.
Anakwenda mgodini. – He is going to the mine.
Ameingia mgodini. – He has gone into the mine.
Ametoka mgodini. – He has come from the mine.

Kiswahili kimetumia "-ni" ileile mara zote nne. Kiingereza kimetumia "in", "to", "into" na "from". Je, Kiswahili hakijali kama mtu anaingia au anatoka? Kinajali sana, ila taarifa hiyo kimeiweka kwenye kitenzi: kwenda, kuingia, kutoka. Ile "-ni" kazi yake ni kusema "hapa ni mahali" tu.

Mwanaisimu Leonard Talmy, kwenye maandishi yake ya mwaka 1985, alizieleza lugha kwa tofauti hii: ziko zinazoweka njia ya mwendo ndani ya kitenzi, na ziko zinazoiweka nje kwenye neno dogo la pembeni. Sisi tuna kupanda, kushuka, kuingia, kutoka, kuvuka. Mwingereza anaweza kuchukua kitenzi kimoja kisicho na mwelekeo, kama "get", akakizungusha: "get in", "get out", "get on", "get off". Ingia, toka, panda, shuka. Kitenzi hakijabadilika hata herufi moja.

Kama umezoea kwamba kitenzi ndicho kinachobeba habari, jicho lako litakwenda kwenye "get" na kuliruka lile neno dogo. Ni hatari hiyo. Vibao vingi vya onyo hutumia muundo huu: "Keep out", "Keep off", "Keep left". Usiingie; usikanyage au usisogee; shika kushoto. "Keep" peke yake haikuambii kitu. Ujumbe wote umebebwa na neno ambalo sisi tumezoea kuliona kama punje ya chumvi.

Kisukuma kinatupa msaada kidogo hapa. Chenyewe hutofautisha mahali kwa viambishi vya mwanzo, "ha", "ku" na "mu", ndugu zao "pa", "ku" na "mu" za Kiswahili. "Mu" ni ndani. Kwa hiyo wazo la kwamba ndani na karibu si sawa tunalo, na tunalo tangu kwa bibi. Hata Kiswahili kinalo: "mgodini mle" na "mgodini pale" si kitu kimoja. Usimwambie mwanafunzi kwamba wazo ni geni. Mwambie limehama mahali.

Sasa ile kauli ya kutendea. "Nisubiri" inakuwa "wait me", na "nielezee" inakuwa "explain me". Kwa nini? Kwa sababu "ni" imekaa ndani ya kitenzi bila kihusishi chochote, tunaitoa hivyohivyo. Kiingereza kinadai "wait for me" na "explain to me". Wakati mwingine tunafanya kinyume, tunaongeza kihusishi pasipohitajika: "discuss about the problem", kwa sababu kwetu ni "kujadili kuhusu". "Discuss" haitaki "about". Hapa hakuna fomula ya kukuokoa. Kila kitenzi cha Kiingereza kina kihusishi chake au hakina, na dawa ni kuvijifunza pamoja kama neno moja. Usiandike "wait" kwenye daftari. Andika "wait for".

Mkia mmoja, kazi nyingi

Tufike kwenye sehemu iliyomponza binamu yangu: ule mkia "-ing".

Anachimba. – He is digging.
Nilimwona akichimba. – I saw him digging.
Kuchimba ni kazi ngumu. – Digging is hard work.

Sisi tuna vipande vitatu tofauti: "na", "ki" na "ku". Mwingereza ana mkia mmoja. Sababu ni ya kihistoria. Kwenye Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kulikuwa na mikia tofauti: majina ya vitendo yaliishia "-ung" au "-ing", na maumbo yaliyoeleza mtu akiwa kwenye kitendo yaliishia "-ende". Katika karne zilizofuata sauti zikasogeleana, mikia ikaungana, na "-ing" ikachukua kazi zote.

Ile ya tatu, "digging is hard work", ndiyo inaitwa jerandi. Ni kitenzi kilichovaa nguo za nomino. Usiogope jina, maana kitu chenyewe unacho. Kwenye sarufi ya Kiswahili shuleni tuliita kitenzi-jina, ngeli ya KU. "Kuchelewa kwako kumetuponza." Ona jinsi "kuchelewa" inavyotoa upatanisho, "kwako", "kumetuponza", sawasawa na nomino yoyote. Na bado ni kitenzi, kwa sababu inaweza kubeba yambwa: "kumsaidia mama".

Tatizo ni kwamba "ku" yetu inafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. "Nataka kusoma" ni "I want to read". "Napenda kusoma" inaweza kuwa "I like reading". "Namaliza kusoma" ni lazima iwe "I am finishing reading". Shuleni wengi wetu tulifundishwa "kusoma ni to read", tukaishika kama namba ya simu. Kuanzia hapo kila "ku" tunaigeuza "to". Ndipo zinapozaliwa "after to finish", "without to wear", "I enjoy to cook".

"To" mbili zinazofanana kama mapacha

Kanuni ya kwanza haina mjadala mwingi: kihusishi kikitangulia, kinachofuata ni "-ing".

Baada ya kumaliza – after finishing
Kabla ya kuingia – before entering
Bila kuvaa kofia ngumu – without wearing a helmet
Kwa kutumia – by using

Sababu ni rahisi. Kihusishi kinataka nomino baada yake, na jerandi ndiyo nomino ya kitenzi.

Mtego ni "to". Kiingereza kina "to" mbili. Moja ni alama ya kitenzi: "to go", "to eat". Nyingine ni kihusishi chenye maana ya kuelekea: "to the mine", "to Geita". Kwa asili ni neno moja, maana "to" ya vitenzi ilitokana na ile ya kuelekea, lakini leo zina tabia tofauti. Baada ya ile ya kwanza unaweka kitenzi kitupu. Baada ya ile ya pili unaweka nomino au "-ing".

Utazitofautishaje? Fanya jaribio la nomino. Ondoa kitenzi, weka nomino ya kawaida, kwa mfano "kelele". "I am used to the noise." Inakubali! Basi "to" hiyo ni kihusishi, na sentensi ya binamu yangu ilitakiwa kuwa "I am used to working at night." Jaribu sasa "I want to the noise." Inakataa. Basi hapo ni kitenzi: "I want to work."

Jaribio hilohilo litakuokoa kwenye sentensi inayofunga barua nyingi za maombi ya kazi nchini: "I am looking forward to hear from you." Weka nomino: "I am looking forward to the interview." Inakubali. Kwa hiyo ni "looking forward to hearing from you."

Na ile "I used to work"? Hiyo ni mnyama mwingine kabisa. Haina "am" mbele yake, na maana yake ni "zamani nilikuwa nafanya". Tofauti kati ya mtu aliyezoea na mtu aliyeacha imebebwa na "am" ndogo na "-ing" ndogo. Kiswahili kingesema "nimezoea" na "nilikuwa nafanya", vitenzi viwili vya mbali, na hakuna mtu angechanganya. Binamu yangu hakuwa mzembe. Alikuwa anasikiliza mahali ambapo lugha yake huweka maana.

Simama ukague, au acha kukagua?

Kuna vitenzi ambavyo vinakubali mikia yote miwili, ila maana inageuka. Hapa tafadhali soma taratibu.

"Stop to check the brakes." – Simama, ukague breki.
"Stop checking the brakes." – Acha kukagua breki.

Mtu anayeendesha dampa kwenye mteremko wa mgodi hapaswi kuchanganya hizo mbili. Sisi tuna "simama" na "acha". Mwingereza ana "stop" peke yake na anaiachia mkia ukamilishe.

"Remember to switch off the pump." – Usisahau kuzima pampu, bado haijazimwa.
"I remember switching off the pump." – Nakumbuka niliizima, imeshazimwa.

Fikiria watu wawili wakikabidhiana zamu. Mmoja anaulizwa "Did you remember to switch it off?", yaani ulikumbuka ukaizima? Mwingine anaulizwa "Do you remember switching it off?", yaani una kumbukumbu ya kuizima? Ukijibu "yes" kwa swali ambalo hukulielewa, mwenzako anashuka chini akiamini jambo ambalo si kweli.

Kuna mantiki ya kukusaidia, ingawa haifiki kila mahali. Kwa kuwa "to" asili yake ni kuelekea, mara nyingi inatazama mbele, kwenye jambo ambalo bado: "want to", "plan to", "decide to", "hope to", "remember to". "-ing" mara nyingi inalichukua tendo kama kitu ambacho tayari kipo au kinajulikana: "finish working", "enjoy cooking", "remember switching". Vipo vinavyokaidi, kama "suggest going", ambapo safari bado lakini mkia ni "-ing". Hivyo vishike kwa kichwa. Kwa vingine, jiulize: jambo hili liko mbele yangu au lipo tayari?

Nani anachekwa?

Nimalizie na kitu kinachonikera kidogo. Wageni wanaojifunza Kiswahili hufanya makosa yetu haya haya, yakiwa yamegeuzwa. Husema "nasubiri kwa wewe" badala ya "nakusubiri", na "nilipika kwa yeye" badala ya "nilimpikia". Wameshusha nje vitu ambavyo sisi hupakia ndani. Ni tofauti ileile, wao wanaivuka kutoka ng'ambo ya pili. Mgeni akisema hivyo tunapiga makofi: "Ee, anajitahidi!" Fundi wa Kahama akisema "wait me", watu wanaangaliana na kucheka.

Sarufi ya Kiingereza haina huruma, na sikudanganyi kwamba makosa hayana gharama. Yana gharama, umeona mwenyewe. Lakini anayeamini kuwa kichwa chake kibovu huacha kujaribu, na anayejua kosa lake linatoka wapi anaweza kulirekebisha. Ukiandika sentensi ya Kiingereza, pitia maswali manne haya:

1. Nimemtaja mtendaji mara moja tu, si mara mbili, na si kumwacha kabisa?
2. Yale yaliyokuwa ndani ya kitenzi cha Kiswahili, nimeyatoa yote nje? Kihusishi chake ni kipi?
3. Kuna kihusishi kabla ya kitenzi? Basi weka "-ing". Kama ni "to", fanya jaribio la nomino.
4. Kitenzi hiki kinabadili maana kwa mkia? Ni jambo la mbele au lililopo?

Juzi nilikuwa nyumbani Kahama, nikamweleza binamu yangu habari ya "to" mbili, tumekaa juu ya tairi kuukuu. Akanyamaza kidogo, akasema: "I am used to noise. I am used to dust. I am used to... working at night." Kisha akanigeukia: "Yaani ndiyo hiyo tu?"

Si hiyo tu, kaka. Lakini ndiyo hiyo kwa kuanzia.